Kile Kitu Moja

Saumu, mke mwenzangu,

Salamu sikuandikii. Umo chumba cha pili, nakusikia unavyofunga na kufungua zipu ya begi, na shikamoo yangu utanipa alfajiri kwa mdomo wako. Mwandiko huu ni wa kisomo cha watu wazima. Herufi nilifundishwa nikiwa na mtoto wa mwisho mgongoni. Mistari ikipanda usicheke. Na usinisahihishe. Katika nyumba hii msahihishaji ni mmoja, na leo amepumzika.

Mambo ya sweta, ya sala, ya kutokula ovyo, hayo nimeyasema mpaka ukayaziba masikio. Yatakufuata yenyewe huko Ujerumani, kama harufu ya kitunguu inavyofuata kanga. Mie nakuandikia kwa ajili ya Jumanne.

Jumanne nilikuwa jikoni nachambua mchele. Ukaingia, ukakalia mbuzi kama mtu anayetaka kukuna nazi, na mie nikashangaa kwa sababu weye na nazi hamjuani. Kisha ukasema, "Bibi, huko niendako kuna kitu moja..."

"Kitu kimoja," nikasema.

Ukanitazama. Mie nikaendelea na ungo wangu. Ukasema basi bibi, haina shida, ukainuka, na mie bila haya nikakufuata kwa sauti mpaka mlangoni: hakuna shida, Saumu, siyo haina shida. Tangu siku hiyo unazungumza nami kama mtu anavyozungumza na jirani aliyefiwa. Kwa adabu. Kwa ufupi. Na kile kitu hukukitaja tena, na kesho unaondoka nacho.

Tangu mvua hizi zianze silali usingizi mmoja. Nalala vipande vipande, kila kipande na ndoto yake, na ndoto zote ni za rafu. Ile rafu ya jikoni kwetu Ngamiani, barabara ya tisa, ya mbao za masanduku, iliyokuwa juu ya mtungi. Naiona imejaa chupa mpaka mwisho wa ukuta, halafu ukuta wenyewe hauna mwisho, unakwenda tu, unapita Chumbageni, unaingia kwenye mikonge na mikonge inaupisha. Natembea gizani nikigusa vizibo. Chupa sizioni, naona kwa vidole. Na kwa mbali nasikia vidole vyako kwenye ile kompyuta, kama mtu anayepukuchua mahindi, na nasema moyoni, huyo ananiandalia magunzi. Kisha naamka, na kweli ndiwe, unachapa, na mvua inapiga bati.

Magunzi hayo hukuyajua. Weye umezaliwa maduka yameshajaa. Miaka ile ya shida hapakuwa na chupa ya kitu chake. Chupa ilikuwa chupa tu. Leo ya soda, kesho ya mafuta ya taa, inasuguliwa kwa majivu kwa kuwa sabuni haipo, inakuwa ya siki, inakuwa ya dawa ya kifua. Lebo ikisema hiki, ndani mna kile. Palikuwa na nyumba, sizitaji, ambamo mtu alikunywa asichokijua akapelekwa hospitali kwa mkokoteni. Mie nikaapa kwangu hapana. Nikaweka sheria: mafuta ya taa, kizibo cha gunzi. Mafuta ya kula, kizibo cha kitambaa. Dawa, uzi mwekundu shingoni. Umeme uwepo usiwepo, mkono wako unajua umeshika nini. Kila jioni napita rafu nikigusa moja moja, na nikikuta kosa nyumba nzima inalala inalijua. Majirani wakaniita Mama Kizibo. Walinicheka, na mie nilijivunia, na bado najivunia.

Ndiyo maana uliponieleza kazi yako sikucheka, ingawa ulijiweka tayari kuchekwa. Ulikuwa umelala miguuni pangu kwenye mkeka, mvua inanyesha, ukaniambia kuna lugha za kuiamuru kompyuta, na baadhi yake ni kali: kila kitu sharti kijulikane ni cha aina gani, na cha aina hii hakiruhusiwi kukaa mahali pa aina ile. Nikasema hiyo ni rafu yangu. Ukasema ndiyo bibi, na ni Kiswahili pia, maana mtu akisema kiti yangu wewe unaugua. Nikasema naugua kweli.

Kisha ukasema kuna makosa ambayo lugha yenyewe haiyakatai. Kompyuta inayapokea, inayameza, lakini ni aibu, au ni hatari inayongoja siku yake. Kwa hayo kuna vikaguzi, na jina la kikaguzi kwa Kizungu limetokana na vinyuzi vinavyoganda kwenye nguo. Hapo nikaona kitu. Nikamwona babu yako anarudi kutoka shamba la mkonge, nywele za katani zimemganda mabegani, na mie nimesimama mlangoni nazitoa moja moja kabla hajaenda msikitini. Hazichani kanzu, zile. Zinakuvunjia heshima tu, polepole. Miaka mingapi hajanijia usingizini, na weye umemleta kwa neno la Kizungu.

Nikakuuliza, kwa hiyo wewe ndiye mkaguzi. Ukasema hapana. Basi ndiwe unayeandika sheria za kukagulia. Ukasema hapana, sheria wanaandika wengine. Wewe na wenzako mnatengeneza maktaba, si ya vitabu bali ya vijizana wanavyochukua hao waandishi wa sheria, ili kila mmoja asianze kuchonga vyake upya na kuvichonga vibaya.

"Kwa hiyo weye ni fundi wa mafundi wa wakaguzi," nikasema.

"Ndiyo, bibi."

"Cheo kirefu kwa mtu asiyejua kukuna nazi."

Ulicheka mpaka ukakohoa. Nakumbuka kicheko hicho kuliko maelezo. Lakini maelezo pia nimeyashika, usidhani. Nilikuuliza kijizana kimoja kinafanya nini. Ukanipa mfano wa kikaguzi kijinga, kinachotazama uso wa neno tu. Kinaona ki mbele, kinadai ki nyuma. Mtu akisema kipofu amekuja, kinampigia kelele: sema kipofu kimekuja. Nikasema huyo mkaguzi apigwe bakora. Ukasema ndipo vijizana vyenu vinapoingia: vinampa mwandishi wa sheria namna ya kuuliza kwanza, hiki kitu ndani yake ni nini? Ni mtu au ni kigoda? Chaweza kuwa kitupu? Au ni ile aina mbaya kuliko zote, inayoitwa chochote, ambayo mtu akiitumia kikaguzi hugeuza uso?

Nikasema hiyo naijua. Kila nyumba wakati wa shida ilikuwa na chupa ya chochote.

Ukasema tena kuna aina inayoitwa ahadi. Mtu ameagiza kitu, jibu halijafika, ameshikilia ahadi tu. Na kosa kubwa la watu ni kutoa ahadi kisha pasiwe na anayeingoja. Inabaki inaelea, ikivunjika hakuna atakayejua. Ukapiga miayo. Na hapo ulipokwisha kukaribia usingizi ukasema neno ambalo sikulitia maanani. Ulisema kanuni mbaya si ile inayopitwa na kosa. Mbaya zaidi ni ile inayomkemea asiyekosa. Kwa sababu watu wakikemewa bure huizima, na ikishazimwa, siku ya kosa la kweli haitasema kitu. Nikakufunika kanga. Neno likabaki limekaa chumbani, kama mgeni aliyekuja nikiwa nimelala.

Jumanne ndipo liliponiamsha.

Saumu, mkono wangu huu wa kulia, ile ngozi iliyokunjamana uliyokuwa ukiipapasa ulipokuwa mdogo ukiuliza kama ni ramani, kisa chake unakijua. Nyumba nzima inakihadithia kwa kicheko: Mama Kizibo alivyokaanga samaki kwa mafuta ya taa. Wanachekea mafuta. Sehemu ya maneno huwa wanairuka, kwa sababu aliyekuwa na maneno hayo hasimulii.

Mama yako Riziki alikuja hapa kutoka Pemba akiwa bibi harusi wa baba yako, mwembamba, ananukia karafuu hata akitoka kuoga. Kusema kwake kulikuwa kwa kwao. Mtu amekuja, yeye kaja. Ameondoka, kaondoka. Na mie ndiyo kwanza nimetoka kisomo, nazijua a na me za amekuja, nasikiliza redio nikiitikia kwa kichwa. Nikamwekea mtoto wa watu doria mdomoni. Kila neno lake nililigusa kama kizibo. Na nikwambie la aibu: kaja na katia nilikuwa nasema mwenyewe, Ngamiani nzima tunasema, hata leo jirani akiniuliza nitamjibu kaondoka. Likitoka kwangu ni Kiswahili. Likitoka kwake ni kosa. Nilikuwa nakagua uso wa msemaji.

Siku hiyo baba yake Riziki alikuwa anakuja kutoka Pemba, mara ya kwanza, kuona binti yake ameolewa nyumba gani. Nilikuwa na samaki, na mafuta ya kula yaliyobaki yalikuwa ya kuwakaangia tu. Baba yako Hamisi alishinda foleni tangu alfajiri kwa ajili ya mafuta ya taa. Kufika nyumbani akakuta chupa ya gunzi imevunjika shingo. Kwa haraka akamimina kwenye chupa tupu iliyokuwa jirani, yenye kizibo cha kitambaa, akairudisha rafuni. Akamwambia Riziki, mwambie mama. Akatoka mbio kwenda bandarini kumpokea mkwewe.

Riziki akaja jikoni. Nilikuwa na mafua, pua imeziba, macho yanatoka maji kwa moshi, karai limeshapata moto.

"Mama," akasema, "Hamisi katia mafuta ya..."

"Ametia," nikasema. "Sema ametia."

"Ametia," akasema.

"Haya."

Nikageukia samaki. Mafuta ya nini, ndani ya nini, hayakutoka. Neno langu lilikaa kwenye shingo ya sentensi yake kama gunzi. Alisimama kidogo nyuma yangu, nilimwona kivuli chake ukutani, kisha kivuli kikaondoka. Nikanyoosha mkono juu ya rafu bila kutazama. Kitambaa. Nikamimina.

Moto ule sikuuona ukipanda, niliona tu jikoni pamekuwa na rangi nyingine, rangi nzuri, nakwambia kweli, kama ndani ya chungwa. Nikasimama ndani yake nikiwaza, nani kaja na taa? Aliyenitoa ni yeye. Alinirukia na gunia lililolowa maji, akanilalia, akazima mkono wangu kwa kifua chake. Msichana mwembamba yule.

Mkwe akafika, jiko jeusi, samaki makaa. Hamisi akauliza, Riziki, si nilikwambia umwambie mama? Na mie, mkono umefungwa kanga, uchungu umenipanda kichwani, nikamgeukia yule mzee wa watu, mgeni wangu, bado kiatu mguuni, nikamwambia binti yako alijua na hakuniambia.

Riziki akainama. Angeweza kusema "nilisema", ni neno moja tu hilo, na halina kosa, hata kisomo kingelikubali. Hakulisema. Baba yake akasema poleni, akakaa, akala wali mtupu akausifu.

Tangu siku hiyo, kwa miaka, mama yako alizungumza nami kwa maneno mafupi. Ndiyo. Bado. Tayari. Karibu. Kiswahili safi kabisa, Saumu, sikupata pa kusahihisha. Nami nilijipongeza kuwa nimemfundisha.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Mwenye duka wa Kihindi wa barabara ya pili, ambaye rafu zake zilikuwa na vumbi na picha ya Makka tu, asubuhi moja zikang'aa mafuta ya kila rangi, vifuniko vya plastiki, lebo zenye alizeti. Mitumba ikaja, redio za mkono zikaja. Watu wakatupa magunzi. Mie nilinunua chupa ya mafuta yenye lebo na kifuniko chake, nikakitupa kifuniko, nikaweka kitambaa, baba yako akacheka hadi akakaa chini. Riziki hakucheka. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile, akaenda kuteka maji. Baadaye ruksa hiyohiyo ikawapeleka wao Wete na biashara yao, na weye ulipofika umri wa shule wakakuleta kwangu. Nikasema Mungu amenirudishia mdomo wa kuusikiliza. Na nikaanza tena: kiti changu, Saumu. Kimoja, Saumu. Hakuna, Saumu.

Usinielewe vibaya. Kiti yangu ni kosa na litabaki kosa nikiwa kaburini. Kizibo hakikuwa na makosa, kiliokoa watu katika nyumba hii. Kosa langu ni kudhani kwamba kwa kuwa sheria ni yangu, mie sihitaji pua. Na kukimbilia neno bovu kabla sijasikia linabeba nini. Aliyekuja kukwambia nyumba inaungua humsahihishi ngeli ya moto.

Jana nilimpigia simu mama yako. Tulisalimiana, tukazungumza bei ya karafuu na mvua, halafu nikamuuliza siku ile ya samaki alitaka kusema nini.

"Nilisema, mama," akanijibu. "Weye ndiye hukumaliza kusikia."

Nikamwambia basi sema sasa. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mzima mwenye wajukuu njiani, akasema polepole, kama mtu anayemwaga kitu asikimwage pembeni: Hamisi katia mafuta ya taa kwenye chupa ya kitambaa.

Nikamwambia, nimesikia.

Hatukusema jingine la maana. Lakini usiku wa jana rafu haikunijia. Nimeota sebule tu, tupu, imefagiwa, na mtu yuko mlangoni anavua viatu.

Sasa unakwenda kwa watu ambao Kiswahili hawakijui, na Kizungu chako kitakuwa na kaja na katia zake. Watakuwepo wa kukukatiza. Ukikatizwa, rudi mwanzo wa sentensi, uimalize, mtu akikuna kichwa akune. Mama yako hakufundishwa hilo na nyumba hii. Wewe nakufundisha, kwa kuchelewa. Na hao watakaotumia vijizana vyako, watengenezee vyenye kuuliza kabla ya kukemea. Mie sijui vinatengenezwaje. Najua vinavyokuwa visipotengenezwa.

Begini, chini ya kanga, nimekuwekea chupa ya mafuta ya nazi, nimekamua mwenyewe. Kizibo cha kitambaa. Usikisadiki. Nusa.

Ukiniambia kesho kwamba utapiga simu, hiyo ni ahadi, na yupo wa kuingoja. Haitaelea. Piga na maneno yako yote yaliyochanganyika, na ya Kijerumani ukipenda. Nitatafuna ulimi mpaka ufike nukta.

Lakini usiningojeshe mpaka simu. Umezima taa, ila najua hujalala, kitanda chako kinalia. Mlango wa jikoni nimeuacha wazi. Mchele umekwisha kuchambuliwa, mikono yangu haina kazi. Barua hii naisukuma chini ya mlango wako sasa hivi. Ukiisoma njoo, ukalie mbuzi, uanze ulipoishia. Sema, bibi, kuna kitu moja.

Kitu moja, Saumu. Halafu endelea.

Bibi yako. Nimenyamaza.